Mji wa Maganga

Juzi nimerudi kutoka Delby, jimbo la Iowa, Marekani, nilikokwenda kumwekea Maganga jiwe la kaburi. Mwaka ulikuwa umetimia tangu tumzike. Nimeendesha mwenyewe kwenda na kurudi, maana ndege sizipendi, na madereva wangu wote wana maneno mengi. Kule mwisho wa safari ni mahindi kulia na mahindi kushoto, yamekauka yanangoja kuvunwa, na mimi nilikuwa najua kila kitu kabla hakijatokea. Sasa barabara itateremka. Sasa utaonekana mnara wa nafaka, mweupe, umesimama peke yake kama kanisa lililokimbiwa na waumini. Sasa utakuja mto, umepinda kama kiwiko, na mji umekaa ndani ya kile kiwiko, na nyuma yake genge, mwinuko mkali wa udongo wa njano ambako matajiri wa zamani walijenga. Vyote vikaja kwa zamu yake. Mtu angeapa nimezaliwa huko, na kumbe kabla ya ule msiba sikuwahi kukanyaga. Nilijifunza Delby kwa masikio, mwaka mmoja tu, nikiwa mezani kwa Mama Happy kule Rexdale, Toronto, na nilijifunza vizuri kwa sababu niliuchukia.

Baba yangu nani, mama yangu nani, tulikuwa wangapi, hayo siyaandiki. Anayetaka kunijua aanzie Rexdale. Shule niliiacha darasa la nne, na leo malori yanayohamisha watu na vyombo vyao kati ya Malvern na Downsview, yale ya bluu, ni ya kwangu, na hakuna mjomba wala mchungaji aliyenishika mkono. Wenye digrii nimewaajiri na wengine nimewafukuza. Nasema hivi ili ieleweke kwamba sikuwa mtu wa kumwonea mwenzangu wivu. Kwangu wivu ulikuwa shughuli ya waliokaa, na mimi sikuwa nakaa. Lakini mwaka ule ambao umeme ulikatika Toronto nzima, niliugua ugonjwa huo kuanzia majira ya baridi mpaka majira ya baridi, na sina hakika kama nimepona.

Nilikuwa sijafika arobaini. Nilipakia mizigo kwenye ghala karibu na uwanja wa ndege, shifti ya asubuhi, na Jumapili baada ya ibada nilikwenda kula kwa Mama Happy. Huyu alikuwa mama wa makamo, mjane, mtu wa Iringa, na Watanzania wa Kipling Avenue wasio na mke wala jiko walijazana kwake. Apatimenti yake ilikuwa juu sana ghorofani. Ukikaa upande wa dirisha uliona ndege zikishuka moja moja kama zinapanga foleni ya kulipa, na mabasi ya Kipling chini yamekuwa madogo kama viberiti. Makochi yalifunikwa vitambaa vya kufuma kwa mkono, televisheni iliwashwa bila sauti, na ukutani palikuwa na kalenda ya kanisa ambayo mwezi wake haukubadilishwa mpaka mtu aone aibu kwa niaba ya wote. Tulikula ugali wa unga mweupe ulionunuliwa kwa Wajamaika, maini ya kukaanga, mchicha, na siku za neema dagaa waliosafiri ndani ya sanduku la mtu. Na alikuwapo Pina.

Pina alitokea Songea. Aliwahudumia wazee kwenye nyumba yao ya kutunzwa, akiwageuza vitandani na kuwalisha, halafu anapanda basi mbili kurudi. Alikaa chumba cha ndani kwa Mama Happy, na Mama Happy alimhesabu kama binti. Hakuwa msemaji. Aliuliza maswali mafupi na kungoja jibu lake lote, na ukimjibu ovyo anakuangalia tu mpaka unaanza upya. Mimi kwa miezi kadhaa nilikuwa nimekwisha kujiamulia kwamba huyu nitamwoa. Sikumwambia mtu, hata yeye. Nilikuwa nangoja ninunue gari langu la kwanza la mizigo, nije na kitu mkononi. Hiyo ndiyo ilikuwa akili yangu: kwanza gari, halafu maneno.

Maganga akafika kabla ya gari. Alikuja na begi moja na kofia ya manyoya, na Mama Happy akatutambulisha: huyu Maganga, Mnyamwezi wa Tabora, ametokea Amerika, kiwanda chake cha nyama kimefungwa baada ya mafuriko, anabangaiza hapa hadi kifunguliwe. Akanitazama, akauliza mimi ni mtu wa wapi. Nikasema Dodoma. Akaweka begi chini taratibu.

"Mgogo," akasema. "Nimevuka mpaka na baridi yote hii, kumbe mtumwa wangu alitangulia kuniwashia moto."

"Karibu, mpagazi," nikamjibu. "Mzigo uutue pale mlangoni, ulipozoea."

Watu wakacheka, naye akanikumbatia kama ndugu. Kwa asiyejua nieleze kidogo. Mgogo na Mnyamwezi ni watani tangu zama za misafara. Anaweza kuingia kwako akala nyama yako na kukutukana huku anatafuna, nawe huna la kufanya ila kumtukana vilevile. Hasira ni marufuku. Ukinuna mbele ya mtani umeshindwa, na watu watakusimulia mpaka ufe. Kwa hiyo mtu niliyekuja kumwonea wivu kuliko wote duniani ndiye mtu pekee ambaye mila ilinikataza kumkasirikia. Ningepewa adui wa kawaida ningemmaliza kwa wiki mbili.

Jumapili hiyo hiyo akaanza na Delby. Wengine wote pale mezani tulikuwa na mji mmoja wa kuulilia, ule tulikozaliwa, na kila mtu alikuwa amechoka kumsikia mwenzake. Maganga hakugusa Tabora kabisa. Aliongea habari za kamji ka Wazungu katikati ya mahindi kama mtu anayeongea habari za shamba la babu yake. Akachukua bonge la ugali akalikandika kwenye sahani: hili genge. Akamwaga mchuzi: huu mto. Reli akaiweka uma. Kiwanda cha nyama, ini moja, upande wa chini kulikofurika. Mtaa mmoja mkubwa, mahakama katikati ina saa, na ile saa huchelewa lakini mji mzima unaifuata hiyo hiyo. "Mtu wa Delby akikwambia saa nane," alisema, "usiangalie saa yako. Angalia mahakama." Pina akasogeza kiti ili aone sahani. Sikumbuki kumwona akisogeza kiti kwa ajili ya neno langu lolote.

Nikajiambia mwongo huwa mfupi wa kumbukumbu. Nikaanza kuweka kichwani kila alichosema, ili siku atakapojipinga nimkamate mbele ya Pina. Wiki moja alisema wa kwanza kujenga pale walikuja na kinu cha kusaga, nikakihifadhi kinu. Wiki iliyofuata alisema kabla ya kinu palikuwa na wenyeji, watu wa asili wa nchi ile, waliofukuzwa ng'ambo ya mto kwa karatasi ambayo hawakuisoma. Nikahifadhi na hao. Wakaja Wajerumani, wakaja Waswidi, kila kundi na kanisa lake na makaburi yake, maana hawakutaka hata kuoza pamoja. Wakaja kufyatua matofali, udongo mzuri ukaisha, kiwanda cha matofali kikafa. Treni ya abiria ikaacha kusimama. Halafu kiwanda cha nyama, nacho kikawaleta Wameksiko, watu wa Laos, Wasudani na mwisho Mnyamwezi mmoja na kisu chake. Nilimwuliza maswali ya mtego, nikijifanya napenda. Hakuteleza hata mara moja. Nilikuwa nikilala na mji wa mtu kichwani, nageuka ubavu huu nakuta stesheni, nageuka ubavu ule nakuta kinu.

Kuna habari moja ndiyo iliyonichoma hasa. Alisema Delby ya kwanza haikuwa pale ilipo. Ilikuwa juu kidogo, kwenye kivuko, penye kinu. Reli ilipokuja ikapita mbali nao, na kwa nchi ile mji usio na reli ni maiti. Basi watu wa Delby walingoja baridi ikaze, ardhi iwe ngumu kama saruji, wakaziinua nyumba zao za mbao, wakaweka magogo chini, wakafunga ng'ombe, wakazivuta. Nyumba nzima nzima, na mapazia yake. Yuko mwanamke alikataa kutoka ndani. Alisema ana chakula jikoni. Wakamvuta humo humo anapika, na moshi unatoka kwenye dohani wakati nyumba inatembea juu ya theluji. "Mpaka leo nyumba ipo," Maganga alisema. "Nimepanga humo chumba."

Mezani walisema loo, na Mama Happy akapiga kofi. Mimi nilisimama nikaenda kunywa maji jikoni. Nilikuwa mtoto serikali ilipotuhamisha kwenda kijiji cha pamoja. Lori lilikuja asubuhi. Nyumba yetu ilikuwa tembe, paa la udongo, na tembe haivutwi na ng'ombe. Walikuja vijana wakatoboa paa ili tusirudi. Mama yangu naye alikuwa na chungu motoni. Walikimwaga. Nilipanda lori nimekumbatia kuku, na nilipogeuka niliona mwanga unaingia ndani ya nyumba yetu kutoka juu, mahali ambapo haukuwahi kuingia. Sasa mtu ananiambia kwamba ipo nchi ambamo watu walihamishwa na jiko likiwaka. Pale kwenye sinki la Mama Happy sikumwonea wivu Maganga. Niliuonea wivu mji. Nilimwonea wivu yule mwanamke wa Kizungu aliyekufa zamani na sufuria yake. Nilirudi mezani nikasema, "Ndiyo maana umepapenda, Mnyamwezi. Wale ng'ombe waliona ndugu yao mbeba mizigo." Wakacheka. Pina hakucheka. Alikuwa anaangalia sahani ya Maganga, mahali nyumba ilipopita.

Mwezi wa nane umeme ukakatika. Ilikuwa alasiri, jua kali, mimi nimetoka shifti. Lifti za ghorofa zote zilisimama, friji zikanyamaza, na ilipofika jioni kila mwenye nyama kwenye friza alijua itaharibika. Ghorofa nzima ikashuka kwa ngazi na nyama mikononi. Wajamaika walileta majiko yao ya kuchomea, Wasomali wakaleta mbuzi, Wahindi wa Tanzania wa ghorofa ya chini, ambao siku zote tulisalimiana kwenye lifti tu, wakaleta mishikaki na Kiswahili safi cha Kariakoo. Tukachoma pale kwenye maegesho ya magari. Sijala nyama vile Toronto tena. Maganga ndiye aliyekuwa na kisu, na alikata kama fundi cherehani, wanawake wakamzunguka. Pina alishika sahani karibu yake. Nikaona sasa inatosha. Nikainuka nikasema kwa sauti, mbele za watu wote:

"Mnyamwezi, kata nyama lakini jua mipaka. Huyu mwanamke ni wangu. Namwoa mimi."

Nilimaanisha kila neno. Watu wakamgeukia mtani, wakingoja zamu yake ya kujibu. Maganga akafuta kisu kwenye gazeti.

"Utamwoa kwa mahari gani, Mgogo? Vumbi la Dodoma? Mletee basi gunia mbili, moja la mama mkwe."

Maegesho yote yakalipuka. Wahindi walicheka, Mama Happy alijishika mbavu. Pina alicheka mpaka akaweka sahani chini, na ndiyo mara ya kwanza nilimwona anacheka hivyo. Nilitakiwa kusema, jamani, sitanii. Maneno mawili. Lakini mtu akisema sitanii mbele ya mtani wake ndipo huchekwa zaidi, na mimi sikulelewa kuchekwa mara mbili kwa jambo moja. Nikacheka nao. Nikala paja zima.

Majani yalipoanza kuanguka Maganga akanikuta nangoja basi Kipling, tukapanda pamoja, akakaa karibu yangu bila matusi. Nikajua kuna jambo. Akasema kiwanda kinafunguliwa, anarudi Delby, na anataka kumposa Pina.

"Umemwambia mwenyewe?"

"Anajua. Amesema nipeleke watu kwa Mama Happy, wazee wake wa Songea wamempa Mama Happy ruhusa kwa simu aipokee posa kwa niaba yao. Nataka wewe uwe mshenga wangu."

"Mimi?"

"Nani mwingine? Mshenga akitukanwa asikasirike, akifukuzwa arudi. Hiyo ni kazi ya mtani tangu babu zetu." Halafu akasema polepole, akiangalia nje, "Au kuna kitu, Yohana?"

Hakuwahi kuniita jina langu. Basi lilikuwa limesimama kwenye taa nyekundu, na kulikuwa na muda mwingi wa kusema ndiyo, kuna kitu. Nikamwambia, "Kitu gani? Nasikitika tu binti wa watu anavyokwenda kubebeshwa mizigo." Akacheka, akanipiga begani, akashuka kituo cha Albion.

Msinihurumie hapo. Nilikubali kwa akili zangu. Mshenga ana haki ya kusema, na mtani ana haki ya kuharibu, na mimi nilikuwa vyote viwili. Nilipanga kwenda kuivunja ile posa kwa mdomo wangu, kwa ukweli mtupu, bila kutia uongo hata punje. Maganga alikuwa amempa Pina mahindi na mahakama na nyumba inayotembea. Nilikuwa nayo mengine yote aliyoyadondosha wiki kwa wiki bila kufikiri, na nilikuwa nimeyaweka.

Siku ya posa Mama Happy alivaa kitenge kipya akakaa kwenye kochi la peke yake. Mimi nikapewa kigoda, kama inavyostahili. Pina alikuwa chumbani, mlango umeachwa wazi kidogo. Tukapitia salamu na kuzunguka kuzunguka, nimekuja kuomba jiko, mtumaji wangu anaona baridi, hayo yote. Kisha Mama Happy akauliza swali aliloona ni la heshima tu.

"Sasa baba, huko anakotaka kumpeleka mwanangu ni wapi, na pakoje?"

"Mama, nitakwambia pakoje," nikasema. Nikaanza na harufu. Upepo ukitoka magharibi, kiwanda kinanuka damu ya kuchemshwa, na inaingia kwenye nguo zilizoanikwa, na mwaka mzima hujui kama ni wewe au ni mji. Mto ule ulikwisha kuingia kanisani ukapanda mpaka juu ya viti, na utaingia tena, maana mji umejengwa ndani ya kiwiko chake, na kiwiko kikikunjwa kitu cha ndani hubanwa. Maduka ya mtaa mkubwa nusu yamefungwa, madirishani wameweka maboksi. Vijana wakimaliza shule wanaondoka na hawarudi hata kwa harusi. Treni inapita inapiga honi haisimami. Wenyeji wa kwanza walifukuzwa, Wajerumani wakawacheka Waswidi, Waswidi wakawacheka Wameksiko, na Mwafrika akifika hukuta kila mtu amekwisha kupumzika kuchekwa. Baridi yake, hii ya Toronto ni mdogo wake. Nikamaliza kwa kusema kwamba mji wenyewe haujui kwao ni wapi, maana ulivutwa na ng'ombe kutoka mahali pengine.

Nilisema muda mrefu. Sijawahi kusema vile tena, hata mahakamani nilipomshinda mpangaji wangu mmoja. Nilizunguka mtaa kwa mtaa, nikapanda genge nikashuka, na kila nilipoona Mama Happy anakunja uso nikaongeza. Alipopata nafasi akasema, "Mh. Mshenga gani huyu."

Mlango ukafunguliwa. Pina akatoka, kinyume cha desturi, akasimama katikati ya sebule na khanga mabegani.

"Kaka Yohana, yule mwanamke aliyekuwa anapika. Walipofika kwenye reli, alifanya nini?"

Hilo Maganga hakuwahi kulisema. Nilikuwa na nafasi ya kusema alifukuzwa, aliugua, alikufa kwa baridi. Badala yake nilimwona mama yangu na chungu chake, na mdomo ukasema wenyewe. "Alifungua mlango, akawapakulia waliomvuta. Wakala wamesimama. Nje hapakuwa na kitu, ni theluji tu na reli, na yeye ana chakula cha moto."

Pina akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyepata hesabu yake imetoka sawa. Akamgeukia Mama Happy. "Mama, mimi naenda."

"Hujasikia anavyosema? Harufu, mafuriko?"

"Nimesikia. Maganga amenipa asali tupu mwaka mzima, nikawa naogopa, nikadhani ni mji wa hadithi. Kaka Yohana ametoa na uchungu wake. Sasa najua upo." Akanishukuru. Alipiga goti kidogo akanishukuru, mimi, na macho yake yalikuwa makavu na ya furaha. Nilipewa soda na kuku mzima wa mshenga, na nikamla, kwa sababu kumwacha kungeleta maswali.

Gari langu la mizigo nililinunua majira ya baridi yale yale. Mzigo wa kwanza kulipanda ulikuwa masanduku ya Pina, karatasi zake zilipokamilika, mpaka kituo cha mabasi. Nikarudi na gari tupu. Kuanzia siku ile nilifanya kazi kama mtu anayefukuzwa, na mengi niliyonayo nilianza kuyapata hapo, kwa hiyo sisemi mwaka ule haukunipa kitu.

Maganga alipokufa, binti yao alinipigia. Kiswahili anakisikia vizuri ila hujibu kwa Kiingereza. Akasema baba yake aliacha neno kwamba asizikwe mpaka mtani wake afike. Nikaenda, nikafanya kazi yangu ya mtani msibani. Mchungaji wao Mzungu alipoanza kusoma, nikaruka nikakaa kwenye ukingo wa kaburi, miguu ndani, nikasema mpagazi huyu hashuki mpaka nilipwe, amenilia nyama miaka mingi na amenichukulia mwanamke wangu. Watu wetu waliokuja kutoka miji ya jirani wakacheka na machozi. Binti akawatafsiria Wazungu, nao wakacheka kwa adabu, kofia mkononi. Kwa mara ya pili katika maisha yangu niliusema ukweli mtupu mbele ya umati, na kwa mara ya pili ukapokelewa kama utani. Nikalipwa kofia yake ya manyoya, nikaondoka ukingoni, akashushwa.

Hii safari ya jiwe ilikuwa tofauti. Wageni waliondoka mapema, binti akarudi chuoni, tukabaki wawili, mimi na mjane wa Maganga, jikoni kwake asubuhi. Mvi zimemwingia, zinampendeza. Anawalisha wazee wa Delby sasa, wajukuu wa wale Waswidi, na anapopita dukani wanamwita kwa jina. Alikuwa anakaanga mayai na kuchemsha mlenda anaoupanda mwenyewe nyuma ya nyumba, amenipikia kwa sababu mimi ni Mgogo. Nilimwita Pina. Kwa miaka yote hiyo nilikuwa namwita shemeji.

"Pina, nina neno, na sitanii."

Akazima jiko. Hakugeuka mara moja.

"Rudi Toronto. Nyumba ninayo, nimeijenga mwenyewe, vyumba vimekaa bure. Tuzeeke pamoja."

Akanigeukia akangoja, kama nilivyomjua, mpaka akahakikisha neno langu limeisha. "Umechukua muda mrefu," akasema. "Siondoki hapa, Yohana. Lakini sijakataa. Njoo wewe."

"Wapi?"

"Hapa. Malori siku hizi yanaendeshwa kwa simu, unaniambia mwenyewe. Chumba kipo."

Dirisha la jikoni lake linaangalia mto. Niliona ule mnara wa nafaka, genge la njano, saa ya mahakama ikichelewa. Kila nilipoweka jicho niliikuta sauti ya yule mtu imekwisha kukaa.

"Siwezi kukaa katika mji wa Maganga."

"Maganga hayupo."

"Mji upo," nikasema.

Akaniangalia muda, halafu akanisogezea sahani. "Mimi yeye nilimpenda," akasema. "Mji niliuamini kwako. Kula, yatapoa." Nikala. Yalikuwa mazuri. Nikaosha mikono, nikamuaga, nikaendesha siku nzima bila kuwasha redio.

Leo asubuhi simu imeniambia theluji ya kwanza imeanguka Delby. Pale kwa Pina njia ni ndefu kutoka mlangoni hadi barabarani. Jirani yake ni Mzungu aliyefiwa na mkewe, mrefu, mikono mikubwa. Wakati naondoka nilimwona anampungia. Nadhani ana koleo la kuzolea theluji.